Kwa Niaba ya Msimamizi

Barua ilikuwa na sentensi tatu tu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo.

Tarishi wa ofisi kuu aliileta Alhamisi saa tano asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo. Aliwakuta wafanyakazi wote wa mtambo wa maji kwenye ukumbi wa vichujio wakikoroga shabu, ile dawa inayokusanya tope na kulizamisha chini. Mto ulikuwa umefurika. Maji yalikuwa yanaingia na rangi ya udongo wa tofali, na siku kama hiyo kila mwenye mikono hukoroga, hata mlinzi wa geti. Mzee waliyemwita Kaimu alijifuta mikono kwenye suruali, akatia sahihi kwenye kitabu cha tarishi, na kama ilivyokuwa mazoea yake, kabla ya jina akaandika herufi tatu: kny.

Kwa niaba ya. Miaka kumi na minane alikuwa akiziandika herufi hizo. Kwa niaba ya Msimamizi wa Mtambo. Msimamizi mwenyewe hakuwepo. Alistaafu, akafa, akazikwa, na wengine kati ya waliomzika nao walishazikwa. Ila kiti chake hakikufa. Kilikuwa pale ofisini, na Kaimu alikikalia upande mmoja, kama mtu aliyeambiwa asogee kidogo, mwenyewe anarudi.

Akaifungua barua. Sentensi ya kwanza ilirejea mawasiliano ya awali. Ya pili ilisema: Napenda kukufahamisha kuwa Msimamizi wa Mtambo sasa amethibitishwa rasmi. Ya tatu: Nyumba ya Msimamizi isafishwe na iwe tayari kukaliwa ifikapo Jumatatu.

Fundi wa pampu, ambaye kila mtu alimwita Grisi kwa sababu hata sabuni ilishamkatia tamaa, aliisoma kwa kuchungulia begani. Akasoma mara mbili.

"Amethibitishwa," akasema. "Kaimu, amethibitishwa."

"Nani?"

"Msimamizi hapa nani? Mimi?"

Watu wakaacha kukoroga. Wakaja kumpa mkono mmoja mmoja, mikono imejaa shabu, nyeupe kama ya waokaji mikate. Kaimu aliwashukuru, kisha akawaambia warudi kwenye mapipa maana tope halisubiri pongezi. Hakupiga simu ofisi kuu. Mtu aliyesubiri mvua miaka kumi na minane haulizi kama iliyomlowesha ni yenyewe. Nao ofisi kuu hawakuandika jina la huyo aliyethibitishwa. Hawakulificha. Hawakuona tu kwamba kuna mtu upande wa pili wa karatasi ambaye jina hilo lingemhusu.

*

Mkewe alipomwona anaingia nyumbani saa sita mchana, aliweka chini ungo wa mchele.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Soma."

Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya ghala la shabu, vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa zamu, wa kulala siku mbili na kuondoka. Wao walilala humo miaka kumi na minane. Hatua sitini kutoka hapo, karibu na geti, ilikuwapo nyumba ya Msimamizi: sebule, vyumba vitatu, baraza, madirisha manne mapana yanayotazama barabara. Ilikuwa tupu muda wote huo, kwa kuwa waraka ulisema ni ya Msimamizi, na kaimu si Msimamizi. Popo walikaa humo bila barua ya mtu. Mke wa Kaimu alifagia uwanja wake kila Jumamosi. Hakuna aliyemtuma. Alisema nyumba ikizoea uchafu haitamkubali mtu.

Akasoma barua polepole, midomo ikitembea. Akaketi kitandani. Bila kufikiri, kiganja chake kilikwenda tumboni, juu ya kitovu, kikasukuma kitu ndani, kama mtu anayerudishia mlango usiofunga vizuri.

Ilikuwa ngiri. Daktari alimwambia miaka miwili nyuma kwamba ipasuliwe, ni kazi ya saa moja, kesho yake mtu yuko kwake. Lakini kwa daraja la kazi la mumewe, kaimu au si kaimu, foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi minane, na asiyetaka foleni alipe mwenyewe. Wasimamizi walikuwa na kadi ya matibabu. Mwenye kadi aliingia mlango wa mbele na mkewe. Basi mama yule akasema tusubiri barua, imekaribia. Akaifunga ngiri kwa kitambaa kipana, akaendelea kubeba ndoo. Mwaka wa kwanza barua ilikuwa imekaribia. Mwaka wa pili ikazidi kukaribia.

"Umethibitishwa," alisema. Kisha akaanza kucheka, taratibu. "Sasa wataniita nani? Mama Kaimu nimeshamzoea."

Kaimu akamwambia kwamba Jumatatu ataulizia kadi, na wiki hiyohiyo watakwenda hospitali, mlango wa mbele.

"Kwanza nyumba," alisema mkewe. "Nivutie lile sanduku."

Mumewe alilijua. Alilivuta kutoka chini ya kitanda, na mkewe akatoa jozi nne za mapazia, kitambaa kizito cha kijani chenye maua madogo meupe. Alikishona mwaka ule wa kwanza wa kukaimu. Alikwenda kwenye yale madirisha na kamba, akapima kila moja, akaweka fundo la urefu na la upana, akarudi, akashona. Kamba yenyewe ilikuwa bado imo ndani ya sanduku, na mafundo yake manane. Kitambaa hakikuwa kimepauka popote isipokuwa kwenye mikunjo, kilipokunjwa vilevile miaka yote.

*

Binti yao, karani katika ghala la nafaka mjini, alikuja Jumamosi kusaidia kusafisha. Kabla ya kukunja mikono ya gauni aliomba aione barua.

Alikuwa na sababu za kutoamini karatasi. Alikulia katika karatasi hizo. Mkurugenzi wa kwanza alimwambia baba yake kwamba kinachokwamisha ni bajeti. Wa pili akasema ni cheti, na baba mtu akarudi shule ya jioni akiwa na mvi, binti wa miaka kumi akimsomea maswali huku yeye akila, "Baba, nini huitwa asidi?" na baba akijibu na tonge mdomoni. Akashinda. Wa tatu akasema vyeti hivyo vimepitwa na wakati, sasa wanataka stashahada. Wa nne hakujua kama kuna mtambo upande huo. Wa tano alikuja, akanywa maji glasi nzima mbele ya wapiga picha, akamshika bega na kumwambia mvumilivu hula mbivu. Akaondoka na gari. Hakusema mbivu hizo ziko kwenye mti wa nani. Wa sita na wa saba walisema suala lake linashughulikiwa.

Binti akamaliza kusoma. "Baba, mbona hawakuandika jina lako?"

"Waliandike la nini, na wanajua niko hapa?"

"Hapa wameandika 'amethibitishwa'. Hawakuandika 'umethibitishwa'."

Baba alikuwa anatafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwake. Mama ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema binti huyu tangu mdogo kazi yake ni kutafuta kokoto kwenye mchele ambao wenzake wameshameza. Wakubwa huandika hivyo. Huwezi kumwandikia mtu mzima 'umethibitishwa' kama unamfukuza kuku.

Binti alitazama mkono wa mama ulipokuwa, pale juu ya kitovu. Ofisi kuu ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Hapakuwa na mtu wa kumpigia. Akachukua brashi.

Walisafisha siku mbili. Walikwangua kinyesi cha popo kwa makoleo, wakaosha kuta mpaka maji yakawa yanatoka meupe. Grisi akatengeneza bomba la jikoni, maana nyumba iliyo ndani ya uzio wa mtambo wa maji haikuwa na tone. Kila mara mama alipoinama kunyanyua ndoo binti alimwambia aweke, na kila mara mama alijibu kwamba ndoo za kwake hazina uzito. Jumapili jioni alitembea peku kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, akahesabu hatua, akarudi. Hakusema ni ngapi.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa amesimama juu ya stuli akitundika jozi ya nne, gari dogo la mizigo lilipoingia getini na jokofu, magodoro na viti vya sofa vilivyofungwa nailoni. Nyuma yake lilifuata gari jingine dogo. Akashuka kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi, uso wa upole. Alikuwa mpole kweli. Hilo lazima lisemwe. Wabaya hawahitajiki kwa kazi ya namna hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mmefanya kazi kubwa. Ofisi iliniambia nyumba imekaa miaka, nilidhani nitakuta msitu." Akazunguka sebule, akaligusa pazia. "Mimi ndiye Msimamizi. Nimethibitishwa wiki iliyopita. Na haya mapazia, yameletwa na ofisi? Mbona yamekaa sawasawa hivi?"

Mama yule alikuwa bado yuko juu ya stuli, pindo la pazia mkononi. Angesema ni yangu, angelazimika kueleza kwa nini ameyatundika. Angelazimika kueleza kamba na mafundo.

"Ndiyo," alisema. "Ni ya nyumba."

"Basi ofisi siku hizi inajali."

Akashuka. Akachukua ndoo yake na brashi yake. Wapagazi wawili waliokuwa wanaingiza jokofu walimwambia, mama, pisha mlango, naye akapisha. Alizitembea zile hatua sitini bila kugeuka. Alipofika nyuma ya ghala la shabu, mahali ambapo mtu wa nyumba ile hawezi kumwona, akaweka ndoo chini na kupeleka kiganja tumboni. Akasukuma. Safari hii kitu hakikurudi ndani.

*

Kule mtamboni kijana alimkuta Kaimu amesimama mbele ya mitungi sita ya kioo, ile ya kupimia shabu, akitazama mtungi upi tope lake limetua kwanza.

"Mwalimu," alisema kijana. "Hunikumbuki? Nilikuja hapa kwa mafunzo nikiwa chuoni, miezi mitatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyasikiliza maji kabla ya kuyapima. Daftari langu la mafunzo ulilisaini wewe."

Kaimu alimkumbuka. Alikumbuka hata ukurasa. Aliandika: Anafaa. kny Msimamizi.

Kijana akampa barua yake ya uteuzi. Hiyo ilikuwa na jina, tena juu kabisa, kwa herufi kubwa. Kaimu akaisoma yote, na alipofika mwisho akairudia, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha kitu. Grisi alikuwa karibu na pampu namba mbili. Alisema baadaye kwamba hakuona mabadiliko yoyote usoni kwa mzee, ila mzee alikizima kipimio kilichokuwa kimeshazimwa.

"Karibu, bosi," alisema Kaimu.

Akafungua droo, akatoa funguo, akazipanga mezani: ghala, maabara, chumba cha dawa, nyumba. Aliinuka kutoka kwenye kiti. Kijana akamwomba asiende bado. Mto umejaa, alisema, na yeye hajawahi kupima shabu ya maji mazito namna hii. Kama mzee angebaki naye mpaka jioni, angeshukuru sana. Mji mzima unakunywa hapa.

Akabaki. Hilo ndilo ambalo binti yake hakumsamehe kwa siku kadhaa, na yeye mwenyewe hajajisamehe. Alibaki kwa sababu maji yalikuwa machafu. Akamfundisha kijana mara ya pili, pipa kwa pipa, na saa kumi jioni maji yakawa yanatoka meupe kiasi cha kusomea gazeti upande wa pili wa glasi. Akaandika kwenye daftari la zamu: kiasi, saa, rangi. Akasaini. Kny.

Nyumbani alimkuta mkewe sakafuni, ubavu umeegemea sanduku tupu, ametapika mara nyingi mpaka kumebaki maji ya kijani. Hakumtuma mtu kumwita. Alisema alisikia pampu zinavyokwenda kwa tabu, akajua wana kazi.

*

Kijana mwenyewe ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake, Grisi amekaa nyuma akimshikilia mama. Wakaingia mlango wa upande. Daktari aligusa tumbo mara moja tu. Ngiri imejinyonga, alisema, utumbo umebanwa, hatujui tangu saa ngapi. Apasuliwe sasa hivi. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na foleni.

Muuguzi akaleta fomu ya idhini. Kaimu akaiweka juu ya goti, akasaini, akamrudishia. Muuguzi akaitazama, akamtazama yeye.

"Baba, hapa umeandika kny. Kwa niaba ya nani?"

Kaimu hakuelewa.

"Fomu inataka sahihi ya mume. Mume mwenyewe yuko wapi?"

Sauti ikatoka kwenye kitanda cha magurudumu, nyembamba, yenye mzaha uleule wa siku zote.

"Muache, mwanangu. Mwenyewe yuko mtamboni. Huyu ni kaimu wake."

Muuguzi akacheka. Grisi naye akacheka, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Mama mwenyewe alicheka mpaka maumivu yakamkata katikati. Muuguzi akachukua kalamu yake, akazifuta zile herufi tatu kwa mstari mmoja, akasaini pembeni kuonyesha kwamba ni yeye aliyesahihisha, kisha wakamsukuma mgonjwa ndani. Kaimu akabaki ameshika kifuniko cha kalamu.

Mkewe aliamka Jumanne mchana, muda mfupi. Midomo ilikuwa imekauka, naye hakuruhusiwa kunywa. Binti alikuwa anamlowanisha kwa pamba. Akamtafuta mumewe kwa macho.

"Leo nani anakoroga?"

"Yule kijana."

"Anaweza?"

"Nilimfundisha."

"Basi," alisema.

Jumatano asubuhi Kaimu alikuwa kwenye benchi la korido. Aliyekuja alikuwa muuguzi mwingine, mgeni, ameshika karatasi kifuani. Alizungumza kwa heshima, kama walivyofundishwa. Alisema sumu ya utumbo ulioharibika ilishaingia kwenye damu, madaktari wamejitahidi. Alisema, pole sana, mzee, kifo kimethibitishwa saa tatu kasorobo.

"Kime nini?" aliuliza Kaimu.

Muuguzi akarudia.

*

Watu walikuja wengi kuliko vyumba viwili vinavyoweza kuchukua, wakakaa juu ya magunia ya shabu na kwenye kingo za matangi. Ofisi kuu ilituma salamu za rambirambi zilizopigwa chapa, zikielekezwa kwa "Kaimu Msimamizi na familia". Hawakuwa wamebadilisha orodha yao bado.

Siku ya sita, waombolezaji wakiwa wamekwisha kuondoka, binti alikuwa anafunga vyombo vya mama yake. Baba alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza pampu. Alikuwa na miezi minne ya kazi kabla ya kustaafu, kwa daraja lilelile aliloingilia.

"Baba," alisema binti, "nataka unijibu kitu kimoja, halafu sitauliza tena. Ilikuwa na faida gani?"

Mzee aligeuza uso kuelekea matangi.

"Mji umekunywa maji," alisema. "Miaka yote hiyo. Hukusikia kipindupindu upande huu. Wewe mwenyewe umekunywa."

"Nimekunywa. Ningekunywa hata kama wangekuandika jina lako. Ulichoongeza wewe ni kusubiri, baba. Kazi uliifanya, sawa, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kusubiri nani alikulipa? Mama alikusubiria wewe, wewe ukawasubiria wao, wao wakasubiri nini?"

Binti akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba aliliona lile neno Jumamosi. Aliliona, akanyamaza, kwa sababu mama alikuwa ameshatoa mapazia kwenye sanduku.

"Mimi pia niliona," alisema baba yake.

Binti akageuka.

"Alhamisi ileile. Nilipoisoma mara ya tatu. Nikasema ngoja nimpelekee tu akaisome hivyohivyo. Nimsikie akisema umethibitishwa."

Binti alikuja akaketi kando yake mlangoni, na wote wawili wakawa wanatazama ukuta wa ghala.

Grisi ndiye aliyewakatiza. Alikuja akisugua mikono, macho chini, akasema bosi anaomba samahani sana kwa wakati huu, lakini ofisi kuu imepiga simu mara tatu, wanataka fomu ya makabidhiano.

*

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Kijana alikuwa ameijaza mwenyewe ili asimsumbue mzee, akaikunjua juu ya meza ya sebule, katika nyumba ile. Hata kiti alimvutia. Kaimu, aliyekuja na binti yake, hakuketi. Alisoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari: pampu tatu, mbili zinazofanya kazi. Mitungi ya kioo sita. Funguo kumi na moja. Ukurasa wa nne ulihusu nyumba: vitasa, taa, bomba la jikoni, na mstari wa saba ulisema, Mapazia ya kijani, jozi nne, mali ya ofisi.

Kidole kikasimama.

Mwanga wa saa nne ulikuwa unapita katikati ya kitambaa, na sebule nzima ilikuwa ya kijani. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimetundikwa siku chache tu, mikunjo ya zamani bado ilionekana, mistari myeupe iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Mtu angeweza kuhesabu jinsi kilivyokunjwa.

Kaimu akachukua kalamu. Akaukata mstari wa saba, na pembeni akaandika: Ya mke wangu. Kisha akashuka hadi chini, palipoandikwa Anayekabidhi, akaandika jina lake. Aliandika majina yote matatu, taratibu, kama mtu anayejifunza. Grisi aliyesaini kama shahidi aliyasoma, akagundua kwamba miaka yote hiyo majina mawili kati ya hayo hakuwa akiyajua.

Kijana akaangalia karatasi.

"Mzee, hapa juu ya jina umesahau kny."

"Sijasahau."

Akapanda juu ya stuli, ilikuwa palepale alipoiacha mkewe, akaanza kuyashusha. Binti akasimama chini akipokea. Kijana alizungukazunguka, akakunja fomu, akaikunjua. Uso ulikuwa umembadilika, kwa maana alikuwa ameanza kukumbuka yule mama juu ya stuli na kile alichomwambia. Akasema kitu kingine, kama watu wanavyofanya.

"Mke wangu anafika Ijumaa. Na madirisha yanaangalia barabara."

"Mwambie apime," alisema mzee.

Sebule ikawa wazi. Kutoka barabarani wapita njia waliweza kumwona Msimamizi amesimama katikati ya viti vyake vilivyofungwa nailoni, karatasi mkononi.

Wale wawili walizitembea hatua sitini, jozi mbili kila mmoja. Vyumba viwili vya zamu vilikuwa na dirisha moja, dogo, la juu, la kuingiza hewa tu. Mzee akatundika hapo jozi moja. Kitambaa kilishuka, kikapita dirisha, kikapita kitanda, kikafika chini na kilichobaki kikalala sakafuni juu ya saruji. Binti akaenda kuchukua mkasi. Aliporudi alimkuta baba yake ameinama, anakinyoosha kile kilicholala sakafuni kwa kiganja, kwa upole, akikisukuma kwenye ukuta, tena na tena. Akaurudisha mkasi alikoutoa.